Gliserini

Kilichotupeleka Matobo ni ubishi. Shemeji yangu ni mzaliwa wa Kondoa, na tangu michoro ya mapangoni ya kwao iingizwe kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, hatupumui. Siku moja nikamchokoza: Zimbabwe wana vilima vya Matobo, navyo viliingia 2003. Wamewatangulia miaka mitatu.

Heri ningenyamaza. Mwezi haukuisha tukawa ndani ya Noah, na hema, sufuria na kilo kumi za sembe, tunaitafuta Tunduma. Tulipopita Chalinze ndipo akakiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kupanda Kolo kuiona hiyo michoro. "Shem, ile ipo tu, haiendi popote."

Njia sitaisimulia. Tulipigwa tochi mara mbili kabla ya Makambako, Zambia ikagoma kuisha, na mpakani Chirundu tulikaa nyuma ya malori mpaka nikajua nani kati ya madereva ana wake wawili.

Hakuna aliyetuambia habari ya baridi. Mimi mtoto wa Temeke, Julai kwangu ni mwezi wa kulala bila feni, basi. Usiku wa kwanza kando ya bwawa la Maleme, humo Matobo, nililala na koti, soksi jozi mbili na taulo kichwani, na meno bado yakapiga ngoma hadi alfajiri. Kulipokucha midomo imepasuka, ngozi imepauka kama nimelala kwenye majivu. Bahati mke wangu alikuwa amenifungashia chupa ya gliserini. Nikajipaka uso, shingo, mikono mpaka viwikoni. Niling'aa kama andazi lililotoka karaini sasa hivi.

Hivyo ndivyo nilivyoingia pango la Pomongwe.

Pango lenyewe ni kubwa, unaweza kufanyia harusi. Mzee aliyetuongoza akatueleza kwa upole habari za Wasan, na jinsi walivyochora kwa rangi za udongo mwekundu maelfu ya miaka iliyopita. Nikakodoa macho. Ukutani naona mabaka ya kahawia tu.

"Baba, michoro yenyewe iko wapi?"

Akashusha pumzi. Miaka ya 1920, akasema, walikuja watu wenye nia njema, wakataka kuihifadhi isififie. Wakaipaka gliserini. Ndiyo ikaimaliza.

Akageuka kunitazama. Jua lilikuwa linaingia mdomoni mwa pango, limenipiga usoni barabara. Kimya. Shemeji, Mungu amsamehe, akasema, "Baba, na huyu amejipaka hiyohiyo."

Mzee akaniomba, kwa heshima zote, nitie mikono mfukoni. Sikuitoa hadi pango la Nswatugi, ambako twiga wamebaki ukutani, shingo ndefu, miguu inatembea, unaweza kudhani watatoka nje. Nzi akatua puani pangu na sikuthubutu kumfukuza. Shemeji alipiga picha arobaini, na zote ninazoonekana nimesimama mbali, mikono mfukoni, kama bwana harusi aliyelazimishwa.

Tukampa mzee lifti hadi kambini. Noah tukaiacha chini ya mti, tukaenda bwawani kunawa. Hatukukaa hata robo saa.

Nyani wa Matobo wanajua zipu. Hema limefunguliwa kistaarabu, halikuchanwa hata uzi. Sembe imetapakaa kama theluji. Na juu ya boneti ya Noah yetu nyeusi ameketi dume moja, mabega kama ya kuli wa bandarini, ameshika chupa yangu. Akanusa. Akalamba. Gliserini ni tamu, nadhani hakuna aliyemwambia mapema. Akaimimina iliyobaki, akachovya kiganja kwenye unga, akaanza kupapasa kioo cha mbele. Wenzake wakaona ni kazi nzuri, wakajiunga. Viganja vyeupe, mlango hadi mlango.

Mzee alitazama muda mrefu. "Na huyu anahifadhi," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuosha gari shemeji alikataa kabisa. Gliserini ikashika kila vumbi la Zambia, viganja vikabadilika vikawa vyekundu. Tunduma ofisa akaizunguka Noah mara mbili, akauliza hizi alama ni za nini.

"Michoro ya Zimbabwe," shemeji akadakia kabla sijafungua mdomo. "Ya kwetu Kondoa inaizidi."