Goli Nililompelekea Mwenye Nyumba

Picha mnayotumiana tangu jana usiku ni yangu. Na hiyo jezi nyekundu niliyovaa ni ya Simba kweli, sibishi. Lakini rafiki yangu aliyeirusha kawaambia nimehama timu kwa sababu ya kodi, na hapo lazima niongee kabla habari haijamfikia mama. Yanga kwetu tunarithishana, sisi ni Wananchi kindakindaki.

Mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mliiona. Kwa Mkapa, uwanjani Dar, tulitoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, jana ilikuwa marudiano Pretoria. Nimefuturu mbiombio, saa tatu niko kibanda umiza hapa Mbagala, mbele kabisa, sikio kwenye spika. Makolo, yaani mashabiki wa Simba, nao wamejaa, wanamsubiri Mnyama wao na Al Ahly, na kazi yao kubwa ni kutuombea mabaya.

Kipindi cha pili kiungo wetu Aziz Ki akaachia shuti. Mwamba wa juu, mpira chini, ukadunda. Mimi nikaona goli, na hata sasa naona goli. Nikavua jezi, nikaizungusha, nikairusha juu, nikatoka nduki. (Mnaouliza kwa nini sikumsubiri refa: nyie huwa mnamsubiri?)

Sasa, mwenye nyumba wangu anakaa mtaa wa pili. Ni Simba wa kadi, na siku hizi namkwepa kwa mambo ya kodi. Wiki nzima alikuwa ananitumia meseji kwamba Wasauzi watatupiga tano. Hasira hizo ndizo zilizonibeba. Mvua ya masika inanyesha, mimi kifua wazi, madimbwi siyaoni, nikafika nikaanza kupiga geti la bati kwa viganja viwili: "Toka nje, mzee! Aziz Ki huyo! Leo mtahama mji!"

Geti likafunguka taratibu. Mzee kavaa msuli, mkononi ana tende hajaila. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Kandambili moja, mwenzake alishabaki dimbwini. Akaitazama tena ile tende. Nyuma yake mlango wa sebuleni uko wazi, runinga inaonekana mpaka getini, na pembeni juu pameandikwa 0-0. Nikajua wamechelewa kubadilisha. Nikaendelea kurukaruka kidogo, maana miguu ilishaanza. Wakaonyesha marudio: mwamba, chini, dunda. Kisha mpira unaendelea kuchezwa, hakuna anayeupeleka katikati.

"Goli la nani, mwanangu?" mzee akaniuliza, kwa upole ule wa mtu mwenye daftari la madeni. "Ingia ndani, utaugua. Tuangalie wote."

Ndipo akaila tende.

Mengine mnayajua: dakika 90 zikaisha 0-0, matuta ya penalti, 3-2, tumetoka. Nimeyatazama yote hayo kwenye mkeka wa kolo, nimejifunika taulo la watoto. Mama mwenye nyumba akasema sitoki kifua wazi kwenye mvua ile, tena mwezi mtukufu, akaniletea nguo iliyokuwa karibu. Mmeiona. Huyo rafiki yangu alikuwa kajibanza kwenye baraza la duka na simu yake.

Simba nao usiku huohuo wakala mbili Cairo, ila hakuna aliyewapiga picha.

Asubuhi mzee kanipigia. Kodi kanisogezea mpaka baada ya Idi, anasema msiba ni wa wote. Lakini jezi yake anaitaka leo kabla ya futari, imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeshaifua. Kamba ya kuanikia iko uani, na uani wamekaa Wananchi watupu.