Mwongozo auandike aliyejifunza juzi

Kila nikimwambia kijana anayetumia QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, kwamba anaweza kuichangia programu hiyo, jibu huwa lilelile: mimi sijui kuprogramu. Linanisikitisha, maana programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuziboresha, nyingi zina njaa ya maelezo kuliko ya msimbo. Mwaka 2017 GitHub, tovuti ambako programu nyingi za aina hiyo hutunzwa na kuboreshwa, iliwahoji watu wapatao 5,500 wa programu huria. Asilimia 93 walitaja nyaraka (maelezo ya kutumia programu) pungufu au zilizopitwa na wakati kuwa tatizo, na asilimia 60 ya wachangiaji walikiri kwamba nyaraka hawazigusi, au huzigusa kwa nadra.

Naitaja QGIS kwa sababu huku kwetu ina watumiaji wengi. Tangu Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, uanze Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani wameingia mitaani kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Kazi kama hiyo ina mitego yake. Umeskani ramani ya zamani ya serikali, ile ya kipimo cha 1:50,000, iliyochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba. Visima umevipima kwa GPS ya simu, inayotumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichukulia namba za ramani hiyo kana kwamba nazo ni za WGS 84, ramani nzima inahama takriban mita 300, na kisima kinaangukia ng'ambo ya mto. Programu haitakuzuia, inatii ulichoiambia. Dawa yake ni kuitambulisha ramani kwa mfumo wake halisi, ambao kwa Dar es Salaam ni Arc 1960 / UTM 37S, unaoupata kwenye orodha ya QGIS kwa namba EPSG:21037, kisha QGIS inapanga yenyewe.

Aya nne za kueleza mtego huo zingemwokoa mtu wiki nzima. Mtaalamu wa miaka mingi hataziandika, kwani jambo hilo lilishaacha kumsumbua zamani. Aliyehangaika nalo juzi ndiye anayejua msomaji atakwama wapi na atabonyeza nini kimakosa.

Mazoezi ya kitabu cha mafunzo cha QGIS yanatumia data za Swellendam, mji mdogo wa Afrika Kusini, kwa kuwa walioanza kukiandika walikuwa wa huko. Waliandika kuhusu barabara na mashamba wanayoyajua, na leo dunia nzima inajifunzia kwao. Sioni kwa nini isiwepo sura ya Bonde la Msimbazi la hapa Dar es Salaam.

Kinachoniuma zaidi ni semina zetu. Mkufunzi analipwa, washiriki wanapata posho, maswali mazuri yanaulizwa na kujibiwa, kisha majibu yote yanaondoka kwenye flashi ya mkufunzi. Mwaka unaofuata wanakuja wengine na maswali yaleyale.

Nyaraka za QGIS ni maandishi ya kawaida yaliyowekwa GitHub. Unatuma pendekezo lako, wahariri wanalipitia. Kiingereza chako kisikutie hofu: lugha wataisahihisha, lakini shida uliyoipitia hawawezi kuibuni. Waandaaji wa mafunzo watenge siku ya mwisho washiriki waandike, kila kundi ukurasa mmoja, na utumwe kabla ya watu kutawanyika. Vyuo navyo vikubali kurasa hizo kuwa sehemu ya ripoti ya fildi, zipewe alama kama kazi nyingine.