Kumkatia tapeli simu si utovu wa adabu

"Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Jina litakuja la mke wangu."

Kama una laini ya simu Tanzania, meseji ya namna hii umeshaipata, pengine zaidi ya mara moja. Wengi huifuta huku wakicheka, na aliyeibiwa nayo huambiwa kajitakia. Kicheko hicho kinaniudhi, kwa sababu meseji hiyo fupi imesukwa vizuri kuliko tunavyokubali.

Anza na neno "ile". Linakufanya udhani mnaendelea na mazungumzo mliyokwisha kuyaanza. Aliyeituma hakujui wala hajui unadaiwa na nani. Anaitawanya kwa namba nyingi, akijua mwisho wa mwezi hawakosekani watu wawili watatu ambao dakika hiyo hiyo wanataka kutuma kodi ya nyumba, ada ya mtoto au hela ya fundi. Kwao meseji inafika kama imeitwa. Kisha njoo kwenye "jina litakuja". Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea, na hiyo ndiyo kinga ya mwisho uliyo nayo. Tapeli ameshaitoboa mapema: ukiona jina geni hushtuki, maana ulishaambiwa.

Kwa hiyo namba ya kupokelea hela haibadilishwi kwa meseji, hata kama imeandikwa kwa lugha ya mwenye nyumba wako. Mpigie kwa namba uliyoihifadhi siku zote, usikie sauti yake. Asipopokea, hela ilale kwako mpaka apokee. Kodi kuchelewa siku moja kunavumilika.

Watu husema anayetapeliwa ni mwenye tamaa. Wapo wa aina hiyo, wanaoambiwa wameshinda promosheni ambayo hawakushiriki, wakatakiwa kutanguliza hela kidogo ya kukomboa zawadi. Lakini tazama simu ya "hela imekosewa", inayowapata sana mama zetu, uone kama kuna tamaa ndani yake.

Kwanza inaingia meseji: umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani. Dakika haijaisha, simu inaita. "Shikamoo mama. Napiga kutoka huduma kwa wateja, kuna mteja wetu amekosea namba, hela yake ya hospitali imeingia kwako. Tunaomba tusaidiane kuufuta muamala." Mama anaitikia marahaba, na anataka kusaidia. Anaulizwa, "Salio lako kabla ya hapo lilikuwa ngapi?" Anataja 190,000. Anaongozwa kufungua menyu ya hela na kubonyeza chaguo la kwanza, ambalo kwa kawaida ni kutuma pesa. Anatajiwa "namba ya kumbukumbu", ambayo ni namba ya simu ya tapeli. Halafu anaambiwa, "Weka namba ya kufutia muamala: moja, nane, tatu, nne, tano, sifuri." Hicho ni kiasi. Ni 183,450, kimepigwa hesabu ili kibakie cha kulipia makato. Kinasomwa tarakimu moja moja kisisikike kama hela. Mwisho, "Thibitisha kwa namba yako ya siri, usinitajie mimi, ni siri yako." Kwa maneno hayo anaonekana mwaminifu kabisa.

Muda wote huo anasisitiza, "Usikate simu mama, laini itafungwa." Ana sababu. Simu ikiwa hewani, mama anaparamia menyu haraka kabla haijajifunga, na jina la mpokeaji linapita bila kusomwa. Akipata nusu dakika tu ya utulivu atafanya jambo ambalo tapeli hataki alifanye, yaani kuangalia salio. Salio halidanganyi. Meseji ya kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, na hata ikija na jina la kampuni, haiwezi kuongeza shilingi kwenye akaunti yako.

Ndiyo maana nasema wanaoibiwa hivi wanaibiwa kupitia malezi yao. Tumefundishwa kuitikia salamu, kumsikiliza mtu mpaka amalize, kutomkatia mtu simu usoni. Tapeli anaijua adabu hiyo na anaifanyia kazi. Tuwaambie wazazi wetu waziwazi kwamba wana ruhusa ya kukata simu katikati ya sentensi, bila kuaga, kisha wapige wenyewe 100, ambayo ni huduma kwa wateja. Kampuni za simu zilishatangaza kwamba zenyewe hupiga kwa namba hiyo hiyo ya 100, si kwa 07 au 06 ya mtu. Na kama kweli kuna hela iliyokosewa, mtumaji ataidai kwa kampuni yake na kampuni itairudisha kwa utaratibu wake. Si kazi yako kuituma tena.

Ikishatokea, cha kwanza ni dakika. Hela ikishatolewa kwa wakala haizuiliki tena, na matapeli hawalali nayo. Usipoteze muda kumpigia mwizi kumsihi. Piga 100 papo hapo, mpe mhudumu namba ya muamala iliyo kwenye meseji, omba hela izuiwe. Ukishamaliza, andika neno UTAPELI kwenda 15040, na ukijibiwa utume namba iliyokutapeli ili ifanyiwe kazi. Halafu nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Kwa walio Kenya na laini ya Safaricom, meseji za kitapeli hupelekwa 333.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Matapeli bado wana laini. Wanazitoa kwetu. Umesimama chini ya mwamvuli wa msajili barabarani, unaweka kidole, anakwambia, "Hakijasoma, weka tena." Unaweka tena. Mara ya kwanza huenda kilisoma vizuri, na mara ya pili umesajili laini ambayo hutaiona kamwe. Ikiibia watu, jina linalotokea ni lako, na polisi watakaotafuta watakuja kwako. Piga *106# na ufuate menyu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, urudie kwa kila mtandao unaoutumia. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika ukaifute. Na ukisajili laini, sajili dukani, ukiambiwa kidole hakijasoma omba uonyeshwe kioo cha kifaa.

Yapo mengine ya kufanya mara moja tu. Ukiambiwa ubonyeze msimbo unaoanza na *21* au **21* ukifuatiwa na namba ya mtu, usithubutu: huo unahamishia simu zako zote kwake, pamoja na simu za kuthibitisha akaunti. Ukihisi ulishaubonyeza, piga ##002# kufuta uhamisho wote. WhatsApp iwekee uthibitishaji wa hatua mbili, na tarakimu sita zinazokujia kwa meseji usimpe mtu, hata ndugu anayedai zimekujia kwa bahati mbaya. Simu ya nje ya nchi iliyoita mara moja ikakatika, usiipigie. Gharama inakuwa yako. Laini ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, usisubiri kesho. Azima simu, piga huduma kwa wateja uulize kama laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine, na kama ndivyo, waifunge pamoja na akaunti ya hela.

Jumapili ukienda kumsalimia mama, chukua simu yake mpige *106# pamoja. Hifadhi 100 kwa jina la mtandao wake. Kisha umpigie ukiwa chumba cha pili, ujifanye mtu wa huduma kwa wateja, naye ajizoeze kukukatia.