Huduma ya lazima shuleni: tatizo si lazima, ni kipimo

Shule nyingi za Kikatoliki hazimruhusu mwanafunzi kuhitimu mpaka atimize saa kadhaa za huduma kwa jamii, na zipo parokia zinazodai saa hizo hata kwa wanaojiandaa kupokea sakramenti ya Kipaimara. Katika jimbo la Ontario, Kanada, ambako shule za Kikatoliki hugharimiwa na serikali, sharti hilo lilianza mwaka 1999: saa 40 kwa sekondari nzima.

Wanaopinga wana hoja nzito, tena ya Maandiko. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Yesu naye alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na hapa tuna fomu, sahihi ya msimamizi na muhuri. Wanasema kijana anajifunza kuhesabu tu, huruma haimo.

Naiheshimu hoja hiyo, ila inamtazama mtoaji peke yake. Katika Mathayo 25, yanakotoka sita kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili yanayofundishwa na Kanisa (la saba, kuzika wafu, linatokana na kitabu cha Tobiti), Mfalme anayehukumu mataifa haulizi mtu alikwenda kumtazama mfungwa kwa moyo gani. Anachotaka kujua ni kama alikwenda. Tena Kanisa lenyewe huamuru Misa ya Jumapili na kufunga Ijumaa Kuu, wala halingoji kwanza kila muumini apate hamu.

Chukua mzee aliyelala kitandani, macho yamefifia, anayetaka asomewe barua ya mwanawe na asogezewe kikombe cha maji hadi mkono wake unapofika. Kijana aliyeletwa na fomu atamsogezea kikombe kilekile. Siku ya kwanza atakaa ukingoni mwa kiti, jicho kwenye saa ya ukutani. Akija mara ya tatu atakuwa ameshajua mzee husikia kwa sikio lipi, na kwamba kisa cha ujana wake lazima kirudiwe. Hapo kuwafariji wenye huzuni na kuwavumilia wasumbufu, matendo ya huruma ya kiroho yasiyo na safu kwenye fomu, yameanza kumwingia.

Kinachonikera ni hiyo 40 yenyewe. Igawe kwa miaka minne: saa 10 kwa mwaka, hata saa moja kwa mwezi haifiki. Na kwa kuwa kinachohesabiwa ni jumla, mtu anaweza kuzimaliza zote katika wiki moja ya likizo, akipanga viti vya tamasha bila kukutana na maskini hata mmoja. Hata aliyekuwa akienda kwa yule mzee, saa ya 40 ikitimia ana ruhusa ya kutoonekana tena. Mzee amezoea sauti, kisha sauti imekatika. Hilo halikuletwa na lazima. Limeletwa na kipimo.

Frederic Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 mjini Paris mwaka 1833, yeye na wenzake walipoanzisha kile kilichokuja kuitwa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Sista Rosalie Rendu aliwaelekeza kwa familia maskini, nao wakaenda kuzitembelea majumbani. Pier Giorgio Frassati, mwanafunzi wa uhandisi wa madini huko Turin, Italia, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alikuwa mwanachama wa shirika hilohilo. Julai 1925, siku moja kabla ya kufa kwa polio akiwa na miaka 24, aliandika kwa mkono uliokuwa ukipooza akimwomba rafiki ampelekee dawa ya sindano maskini mmoja aliyekuwa akimhudumia. Alimjua kwa jina, na alijua anahitaji dawa gani.

Kwa hiyo lazima ibaki, kipimo kibadilike: mtu yuleyule au familia ileile, mwaka mzima, wanafunzi wakienda wawiliwawili ili mmoja akibanwa na mtihani mwenzake asikose kufika.

Kuna jambo moja ambalo wanaopinga wana haki kabisa. Baadhi ya shule hazihesabu huduma inayotolewa ndani ya familia. Msichana anayemwogesha bibi yake aliyepooza kabla ya kukimbilia darasani anaambiwa bado anadaiwa saa zote. Kuhudumia wagonjwa ni tendo la huruma hata mgonjwa akiwa chumba cha pili, na fomu ya msichana huyo ilistahili kusainiwa zamani.