Moroko irudi Eurovision, au ibaki na pointi zake saba?

Katika historia nzima ya Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, Moroko ina pointi saba tu, na zote ilipewa na Italia. Ilikuwa tarehe 19 Aprili 1980 mjini The Hague, Uholanzi, Samira Bensaid alipoimba kwa Kiarabu wimbo wa kuomba amani, "Bitaqat Hob". Kati ya nchi 19 alishika nafasi ya 18, akiipita Finland kwa pointi moja. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyowahi kupanda jukwaa lile, na Moroko yenyewe haijarudi.

Mlango haujafungwa, lakini. Licha ya jina lake, Eurovision ni shindano la mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama wa EBU (muungano wa watangazaji wa Ulaya), na televisheni ya Moroko ni mwanachama, sawa na za Algeria, Tunisia na Misri. (Sisi wa Afrika Mashariki hatumo, kwa hiyo wanaoota kuiona Bongo Fleva kule wasubiri sana.)

Wanaotaka irudi wana hoja nzito. Mwaka 1980 waliotoa alama walikuwa majaji peke yao, na Kiarabu kiliwapita kando. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watazamaji nao wanapiga kura kwa simu, na Wamoroko wamejaa Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Hispania. Kanuni inamzuia mtu kuipigia kura nchi aliyomo anapopiga simu, haimzuii kuipigia nchi ya wazazi wake. Uturuki ilivuna sana Ujerumani kwa njia hiyohiyo.

Vipaji navyo vipo, ila vinaimbia wengine. Loreen, ambaye wazazi wake ni Wamoroko, ameshinda mara mbili, 2012 na 2023, na mara zote kikombe kilikwenda Uswidi. Kabla yake, mwaka 1991, Amina mzaliwa wa Tunisia aliiimbia Ufaransa akalingana kileleni na Uswidi kwa pointi 146, akakosa ushindi kwa kuwa mwenzake alipewa pointi kumi na nchi nyingi zaidi.

Hata hivyo, hesabu ya kura za ndugu wa ughaibuni isitulevye. Majaji, waliokuwa wamewekwa kando, walirudishwa mwaka 2009 kugawana uzito na watazamaji, na baada ya 2012 Uturuki ikajiondoa ikiulalamikia utaratibu huo. Hiyo ni nchi iliyokwisha kushinda, mwaka 2003.

Kikwazo kikubwa zaidi ni siasa. Televisheni inayoshiriki lazima irushe shindano zima bila kukata wimbo wa mtu. Lebanon ilikuwa tayari na msanii na wimbo mwaka 2005, ikajitoa kwa kushindwa kuahidi kwamba ingeuonyesha wimbo wa Israeli. Moroko iliingia 1980 mwaka ambao Israeli haikuwapo, kwani tarehe iligongana na siku yake ya kuwakumbuka askari waliokufa. Rabat (mji mkuu wa Moroko) na Israeli walirejesha uhusiano Desemba 2020, lakini uhusiano wa serikali ni jambo moja na hisia za mtaani ni jingine, hasa baada ya vita vya Gaza. Kwa shindano la 2026, Hispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland zilitangaza kutoshiriki kwa sababu ya Israeli kubakishwa. Sioni ni kiongozi gani wa televisheni mjini Rabat angependa kuingia nyumba ambayo majirani wanaihama.

Wapo pia wasemao mcheza kwao hutunzwa. Samira mwenyewe, baada ya The Hague, alijenga jina Cairo, akawa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa Kiarabu, na Rabat ina tamasha lake la Mawazine linalowaleta nyota wa dunia hadi mlangoni. Hoja hii inanivutia, ingawa ina tobo: Mawazine humpa Mmoroko hadhira, haimpi kura ya mtu wa Oslo au Athens asiyejua neno la Kiarabu.

Kwa sasa ningeishauri Moroko isubiri. Sababu yangu ni kanuni ile ya kurusha kila wimbo, wala si zile pointi saba. Saba zile zilitolewa na majaji wa enzi nyingine, kwa mwimbaji ambaye hakuzihitaji.