Gari Lililozibwa Pumzi

Kwangu mafuta ya kupikia tunanunua ya kupima, ya shilingi 20, na Mama Brayo akiyatia kwenye sufuria hukung'uta chupa hadi tone la mwisho. Lakini gari? Gari lilikuwa linakunywa oili lita 1 kila wiki, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, bado inatoka kavu. Siku moja akaniuliza kati ya watoto na gari ni nani aliyezaliwa kwanza. Nikanyamaza, kwa sababu gari ndilo la kwanza.

Balaa lilianzia hapa Nakuru. Fundi mmoja alifungua kisafisha hewa, akakuta kimelowa oili. "Mzee, hii briza inatema. Tuizibe." Akachomoa mpira wa briza, ule ambao injini hupumulia, akausukumia boliti nene mdomoni, akakaza na klipu. Shilingi 500, na soda juu. Kisafisha hewa kikakauka kweli. Nikamsifu mtaa mzima, tena kwa sauti.

Jumamosi tukaenda Kisumu kwa shemeji. Salgaa tulipita salama. Kupanda Mau Summit, ndani ya gari kukanuka kama kibanda cha chipsi. Nilipofungua boneti nikakuta dipstiki imejichomoa yenyewe, imesimama nje inachungulia barabara, na oili imerukia kila mahali hadi kwenye betri. Nikairudisha. Kufika Awasi imetoka tena! Kwa shemeji nikaegesha juu ya saruji mpya, na asubuhi kulikuwa na ziwa la pili la Kisumu, jeusi. Shemeji akaliangalia, kisha akaniangalia mimi. Chai ya asubuhi hiyo haikuwa na maziwa.

Nikaenda Kibuye, mlemle Kisumu, kutafuta fundi. Kijana mdogo, ndevu hana, akaniuliza, "Mzee, una karatasi?" Mfukoni nilikuwa na kadi ya harambee ya kanisa tu. Akaniambia niache injini ingurume polepole, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akaiweka kadi juu ya tundu. "Injini inayopumua vizuri huinyonya karatasi, inashika." Kadi yetu ilitetemeka, ikainuka, ikapaa, ikatua mtaroni. Ilikuwa na ahadi za watu 7. Ya kwangu ni 2,000, hiyo sina haraka nayo.

Akanieleza huku akitoa ile boliti. Hata ringi zinazoizunguka pistoni ziwe mpya, moshi kidogo wa mlipuko hupenya kando yake na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na lazima upate pa kutokea. Zamani walikuwa wanautoa kwa bomba tu, unamwagika barabarani, hadi magari ya California ya 1961 yalipoanza kuwekewa valvu ya kuurudisha kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, ukachomwe. Ukiuziba, unatafuta mlango mwingine: oili sili ya kranki, gaskiti ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), dipstiki. Valvu ikikwama imefunga, moshi unarudi na oili kupitia briza hadi kwenye kisafisha hewa; ikikwama wazi nayo, manifoldi inavuta oili pamoja na moshi, na nyuma unatoa moshi wa buluu.

Akachomoa valvu yangu, ndogo kuliko kidole gumba, akaitikisa sikioni mwangu. Nzima huchakacha. Yangu kimya, kama mpangaji akisikia hodi ya mwenye nyumba. Masizi yalikuwa yameigandisha ikiwa imefunga! Mpya ilinigharimu chini ya oili ya wiki moja. Akabadilisha sili pia, akapima kompreshoni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, kuhakikisha ringi hazijaisha, maana zikiisha hata valvu ya dhahabu haikusaidii. Zilikuwa sawa. Wiki 3 sasa, oili kwenye dipstiki imeshuka kiasi cha unene wa ukucha.

Nikampigia yule fundi wa Nakuru, nimejaa maneno kama gunia la viazi. Nikamsimulia Mau Summit, Awasi, saruji ya shemeji, chai ya rangi. Alisikiliza yote kwa upole. Kisha akauliza, "Mzee, ile boliti yangu uliitunza?"