Mwacheni mwanafunzi aandike sita na nusu

Wanafunzi wa twisheni hapa Nyegezi, Mwanza, huniletea madaftari yenye milinganyo ya kemia iliyofutwafutwa hadi karatasi kutoboka. Waliambiwa wabalansi, yaani atomu za kila aina zilingane pande zote mbili za mshale, wakaanza kubahatisha: weka 2 hapa, jaribu 3 pale. Siamini kwamba mada yenyewe ni ngumu hivyo. Tunawatupia namba kabla hawajajua wanahesabu nini.

Wanahesabu atomu. Mfaransa Antoine Lavoisier alishaandika katika kitabu chake cha 1789 kwamba vitu vinavyoingia kwenye mmenyuko (badiliko la kikemia) vina tungamo sawa na vinavyotoka. Baadaye Mwingereza John Dalton akaeleza sababu: atomu haziongezeki wala hazipotei, zinaachana tu na kushikana upya. Mwanafunzi akilishika hilo, hutamkataza tena kugusa ile namba ndogo ya chini, atajikataza mwenyewe. Maji ni H₂O. Ukichomeka 2 chini ya O ili hesabu ikubali, umeandika H₂O₂, dawa ya kusafishia vidonda. Inayobadilishwa ni namba ya mbele, inayosema molekuli ziko ngapi.

Mimi huanza na gesi ya kupikia, kwa sababu mtungi kila mtu anaufahamu. Ndani mna propani na butani. Tuchukue butani:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ni 4, basi CO₂ ziwe 4. Haidrojeni ni 10, na kila molekuli ya maji inachukua 2, basi H₂O ziwe 5. Oksijeni tunaiacha mwisho kwa kuwa upande wa kushoto iko peke yake. Ukiirekebisha huvurugi kingine. Kulia sasa kuna atomu zake 8 na 5, jumla 13, na kushoto zinakuja mbilimbili. Hapa ndipo wengi wanapofuta kila kitu na kuanza upya. Kwa nini? Waandike 6½O₂, kisha wazidishe mlinganyo mzima kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Walimu wenzangu, nimeona nusu hiyo ikikatwa kwa kalamu nyekundu, na inaniuma. Atomu zilikuwa zimeshalingana pande zote mbili! Kazi iliyobaki ilikuwa kuiondoa hiyo nusu tu. Mtoto anayekatwa pale anajifunza kuiogopa hatua iliyomfikisha karibu kabisa na jibu.

Baada ya gesi, mkaa. Msimu wa mvua, kwenye vyumba vya milimani Mabatini na Igogo, wapo wanaoingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Ninaandika ubaoni milinganyo miwili:

C + O₂ → CO₂
2C + O₂ → 2CO

Yote miwili imebalansi. Wa kwanza, hewa inatosha. Wa pili, hewa ni haba, molekuli ileile ya oksijeni inagawanwa na kaboni mbili, na kinachotoka ni kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni kwenye damu, hadi oksijeni ikose nafasi. Kisha ninauliza ni upi unatokea chumbani. Darasa linachangamka, wanabishana kwa Kiswahili, na sioni haya kuwaachia Kiswahili hapo, ingawa mtihani watafanya kwa Kiingereza. Kubalansi peke yake hakutoi jibu hilo. Lazima uufikirie na mlango, dirisha, na watu waliolala.

Kwa waliokomaa huwa nawapa mlinganyo wa dhahabu, maana wengine wana ndugu kwenye marudio (mabaki ya mchanga wa dhahabu yanayochenjuliwa tena) huko Geita:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Unatisha kwa macho, lakini hesabuni atomu moja baada ya nyingine, inakubali. Halafu waulizwe kwa nini hewa hupulizwa kwenye matangi ya sianidi, ile NaCN inayoyeyusha dhahabu. Jibu limo humo humo: kila atomu 4 za dhahabu zinadai molekuli 1 ya oksijeni, na ikikosekana dhahabu inabaki kwenye mchanga. Maswali ya aina hii ndiyo ningependa tuyaweke kwenye mitihani yetu ya majaribio Kanda ya Ziwa.